Minazi ya Shangazi Mwanatumu

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imenifikia hapa Pangani, marahaba. Sote wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama. Ila habari yako imeniacha mdomo wazi. Mume akuache, kisha akutake mgawane deni la gari ambalo hukuwahi hata kuliona? Sijapata kusikia.

Au niseme, nilisikia mara moja nikiwa kigoli. Shangazi yangu Mwanatumu alipanda minazi kwenye shamba la mumewe. Kwetu ardhi huweza kuwa ya huyu na minazi ya yule, basi alipoachwa alijua ataondoka na minazi yake. Siku ya kikao cha wazee akatokea mtu wa Pongwe, kaja na mkwezi wake, akasema minazi ile imewekwa rehani kwake. Kumbe mume aliiweka kwa siri apate fedha za kuolea mke wa pili. Shangazi alikaa mchangani. Mume akasema deni la mume na mke ni la wote wawili.

Mzee wa kikao akamgeukia shangazi. "Harusi hiyo ulikula pilau?"

"Sikualikwa."

"Basi deni si lako. Minazi ni ya aliyeipanda. Rehani ihamie kwenye shamba la bwana."

Sheria za huko kwenu Nguvumali waulize wanaozijua. Lakini kabla hujatia saini chochote, mwanangu, jiulize kama pilau ile uliionja.

Bibi yako anayekuombea