Pua ya Fukusi

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu sote. Nauliza kwanza hali ya mgongo wako, maana mara ya mwisho uliandika kwamba ulikulaza siku tatu. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu umelemewa.

Unaijua kazi yangu: naletewa wadudu wa ghalani kwenye kichupa, nasema ni nani, kisha wanapigwa dawa yao. Wewe ndiye uliyenianzisha tukiwa wadogo, ukinihesabisha miguu: sita mdudu, minane buibui, na nikikosea unanifinya sikio. Kwenye mahindi wasumbufu wakubwa ni wawili. Fukusi ana mdomo mrefu uliochomoza mbele kama pua. Dumuzi hana, kichwa chake kimejificha chini ya kifua, na nyuma yuko butu kana kwamba amekatwa. Dawa ya fukusi haimtishi dumuzi.

Miezi mitatu iliyopita mtunza ghala wetu, tunayemwita Mama Funguo, aliniletea kichupa. Niliandika fukusi. Kesho yake akarudi, akasema kwa adabu kwamba yeye si msomi, lakini wadudu wale haoni pua zao. Nilimjibu ashughulike na funguo zake, wadudu aniachie mimi. Wenzangu walicheka. Akaenda kupiga dawa niliyoandika.

Sasa magunia mia mbili yamebaki vumbi na matundu. Walikuwa dumuzi. Meneja ameamua kwamba Mama Funguo alikosea kuchanganya dawa, na Ijumaa anaachishwa kazi baada ya miaka kumi na tisa. Nilikuwepo kikaoni. Alinitazama, nami nikainamia karatasi zangu.

Kaka, wacha niseme. Pua ile sikuiona, wala sikuona kwamba haipo. Macho yangu yamekwisha tangu mwaka jana. Hata kwa lenzi naona doa tu. Ndiyo maana herufi zangu siku hizi ni kubwa kama za mtoto. Juzi nilikaa nikisubiri mbegu ya papai itembee. Vichupa vyote hivyo nimekuwa nikibahatisha, kwa kuogopa kufukuzwa kama anavyofukuzwa yeye. Naona aibu hata kukuandikia.

Kesho asubuhi nitamwambia meneja. Barua hii nitaiposti kabla sijaingia ofisini kwake, ili miguu ikinigomea mlangoni, wewe uwe umeshajua.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi,
mdogo wako