Nusu Saa Kando ya Matete

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, na kabla ya mengine niambie macho yako yanaendeleaje. Wifi alinidokeza kwamba siku hizi moto wa kuchomelea unakutoa machozi hata siku za mapumziko, na kwamba ile miwani ya kazini umeitundika msumarini kama pambo. Ivae, tafadhali. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, na sare ya yule mdogo nimeshaimaliza, imebaki vifungo tu.

Sisi huku ni wazima kwa mwili. Mama anakula akikumbushwa. Mimi nashinda kwenye cherehani yangu barazani, wateja wanakuja, wananipa pole, wananipa na vitambaa, siku zinakwenda. Najua umenipigia simu mara tatu wiki hii na sikupokea. Usiulaumu mtandao. Niliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, kwa sababu ninalotaka kukwambia nisingelifikisha hata nusu kwa mdomo. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Ujumbe wako ulifika. Mama alinituma niupeleke nyuma ya nyumba, nami nikausoma mbele ya Mjomba kama ulivyouandika: kwamba ukija mwisho wa mwezi hutaki kumkuta karakanani, kwamba mtu aliyempeleka baba yetu mwenye magoti mabovu kwenye matete, kumfuata nguruwe pori aliyejeruhiwa, hana haki ya kulala ndani ya ua wetu. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika randa mkononi. Akasema una haki. Kesho yake alianza kushusha vifaa vyake ukutani na kuvipanga sandukuni, patasi moja baada ya nyingine. Miaka ishirini na miwili amekaa katika chumba kile, Kaka. Hana mke, hana mtoto, na dada yake wa pekee, ambaye ni mama yetu, hajamsemesha tangu siku ya mazishi. Sijui anadhani atakwenda wapi, na sidhani yeye mwenyewe anajua.

Kwa hiyo nivumilie nikueleze yote tangu mwanzo. Wewe ulikuwa mbali, habari umezipata vipande vipande, na kila aliyekupa kipande alikitia chumvi yake.

Unakumbuka mwaka jana nguruwe walivyotumaliza. Waliingia kwenye viazi vya Mama wakavifukua kama waliovipanda wenyewe, kisha wakahamia kwenye mahindi. Afisa wa wanyamapori alikuja, akaandika, akatupa kibali cha kuwinda kwa upinde tu, bunduki akakataa. Baba akacheka, akasema labda tuwarushie viatu, maana viatu anavyo vingi. Ndipo Mjomba aliposema kwamba upinde anaweza kuuchonga, na anayetaka kujifunza atamfundisha. Mimi nikasema nataka. Wewe uliposikia uliniandikia kwamba Sindano amerukwa na akili. Labda uliona mbali.

Huyo mjomba wetu hawakumwita Taratibu bure. Mwezi mzima wa kwanza sikuruhusiwa kugusa mshale. Nilivuta upinde mtupu na kuurudisha polepole bila kuuachia, asubuhi na jioni, mpaka mabega yakaniwaka moto. Kisha akajaza magunia matambara kutoka kwenye mabaki yangu ya kushonea, akayasimamisha hatua kumi na tano, akasema zaidi ya hapo nisijaribu kamwe. Alinifundisha kutembea na unga kidogo mfukoni, niumwage hewani nione upepo unaelekea wapi, kwa sababu nguruwe haoni vizuri lakini pua yake haidanganyiki. Alichora nguruwe kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Anayeanza, alisema, hulenga katikati ya mwili kwa kuwa ndipo panapoonekana papana, kumbe moyo wa nguruwe uko chini na mbele, nyuma tu ya kiwiko cha mguu. Usubiri asimame ubavu, mguu wa mbele ameutanguliza. Asiposimama hivyo, unamwacha aende zake, unarudi nyumbani kunywa chai.

Baba hakushika upinde hata siku moja, lakini alikuwa mwanafunzi kuliko mimi. Alinikatia kinga ya mkono kwa ngozi ya buti, akaishona kwa uzi wake mzito, ikanikaa kama ngozi yangu mwenyewe. Pale kibandani kwake kila aliyeleta kiatu kushonwa aliambiwa habari za binti yake na upinde. Alinivisha kilemba cha ukoka mpaka wazee wakaanza kuniamkia wao. Nilimwambia aache, na moyoni sikutaka aache.

Sasa sikiliza kanuni moja ya Mjomba, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Alisema mshale hauui kama risasi. Mnyama hukimbia nao, na kazi yako kubwa baada ya kupiga ni kukaa. Unauokota mshale kama umetoka upande wa pili, unautazama, unaunusa. Ukiwa na damu nyekundu yenye povu, umepiga mapafu. Ngoja nusu saa umfuate, utamkuta amelala. Ukiwa na uchafu wa kijani na harufu ya mavi, umepiga tumbo. Rudi nyumbani, ukae mpaka alasiri, maana huyo yu hai, ana uchungu, anakungoja. Aliyepiga ndiye anayesema ni wapi, na wenzake wote wanatembea kwa neno lake. Alinirudisha kwenye kanuni hiyo kila wiki, mpaka Baba akawa anaimalizia yeye kabla Mjomba hajafika mwisho.

Asubuhi ile tulitoka mapema, watatu. Mjomba alikwenda kukaa upande wa juu wa shamba, mimi na Baba tukakaa chini, karibu na matete ya kijito, ambako nguruwe hupita wakirudi kulala. Baba alibeba chupa ya chai na kamba. Miwani yake alikuwa ameisahau mezani. Saa kumi na mbili na robo likatoka dume moja, peke yake, kubwa, likasimama hatua kumi na mbili hivi. Nikavuta, nikaachia. Likaguna na kuingia matete. Baba akaniuliza kwa kunong'ona ni wapi, nami nikamjibu kwamba ni kifuani, nyuma ya mguu.

Mjomba akaja. Nikampa mshale, akautazama. Tukakaa nusu saa. Baba alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akanipa mimi kwanza, akasema leo mkubwa ni mimi. Alitaka kujua tutalibebaje dume lile, nani apelekewe paja, na kama utaamini ukiambiwa. Alicheka mwenyewe kwa furaha. Mjomba akamwambia apunguze sauti.

Tulipoingia matete, damu ilikuwa kidogo. Baada ya hatua kama thelathini Mjomba alisimama, akageuka, akanitazama machoni.

"Mwanangu, una hakika ni kifuani?"

"Nina hakika, Mjomba."

Baba akadakia kwamba mtoto ameshasema, twende. Tukaenda. Mjomba alikuwa mbele, Baba kushoto kwake, ameinama kutazama tone kwenye jani. Dume lilitoka chini chini upande ule ule, hata sikuliona vizuri. Lilimchana Baba paja kwa ndani na kupita. Mjomba alitupa upinde, akavua shati, akamfunga Baba juu ya jeraha kwa nguvu zake zote, akambeba mgongoni. Mimi nilikimbia kando nikiwa nimemshika mkono. Hatukufika barabarani. Muuguzi alituambia baadaye kwamba ulikatika mshipa mkubwa, na hata tungekuwa na gari pale pale, isingesaidia.

Hayo, au mengi yake, uliyajua. Walipomuuliza Mjomba ilikuwaje, alisema kosa ni lake, aliharakisha. Kila mtu aliandika hivyo moyoni mwake na kumpa kisogo. Hakuna hata mmoja, Kaka, aliyejiuliza tangu lini mtu yule ameharakisha kitu chochote.

Mshale wangu haukuingia kifuani. Dume lilikuwa limeanza kutembea nilipoachia, nami nilijua sipaswi, nikaachia hivyo hivyo. Ulipita tumboni, nyuma kabisa, ukatokea upande wa pili na kuchoma udongo. Nilipoinama kuuokota, harufu ilinifikia kabla sijauona. Manyoya ya mshale yalikuwa yameloa uchafu wa kijani. Baba alikuwa nyuma yangu hatua nne, anauliza ni wapi. Niliufuta kwa majani mara mbili, nikaacha damu kidogo karibu na kichwa cha mshale, nikageuka na kumjibu. Sikusukumwa na mtu. Niliona aibu tu. Niliwaza wateja wake wote aliowaambia, nikawaza kurudi kwenye magunia ya matambara, nikajiambia kwamba nguruwe ni nguruwe, atakufa tu huko aliko. Na Mjomba aliposimama pale kwenye matete kuniuliza, alikuwa ananipa nafasi ya pili ya kumwokoa baba yetu. Nikadanganya tena, nikimtazama usoni. Ningesema kweli, tungegeuka wote watatu, tukarudi nyumbani kunywa ile chai iliyobaki, na leo Baba angekuwa kibandani kwake ana misumari mdomoni.

Nimemuua baba yetu, Kaka. Nimelitafuta neno jingine kwa wiki tano na sijalipata.

Kuna na hili. Siku mbili baada ya mazishi Mjomba alirudi matetani peke yake, akalikuta dume limekufa karibu na maji. Hakuita mtu. Alichimba shimo, akalifukia lote. Uliambiwa, nawe ukakasirika, ukasema anaficha ushahidi wa uzembe wake. Ushahidi aliuficha kweli. Alikuwa ameliona tundu lilipo.

Juzi, baada ya kumsomea ujumbe wako, nilishindwa kuondoka pale mlangoni. Nikamwambia najua kwamba amejua. Hakushtuka. Alifuta vumbi kwenye benchi, akanionyesha nikae. Nikamuuliza kwa nini amekubali kupakwa matope wakati neno moja lingemtoa. Aliiweka randa chini polepole, unamjua alivyo, kisha akasema:

"Nusu saa ile, baba yako alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu kaka yako alipoondoka hapa. Amekwenda nayo. Sikutaka mtu aje aseme ilikuwa ya uongo."

Akaniomba nimwachie aondoke salama, kwamba yeye ni mzee, hata akipata pembe ya chumba mahali inamtosha, na mimi bado nina maisha ya kuishi na ninyi. Nikarudi barazani, nikakaa mbele ya cherehani, nikashona mkono wa gauni la mtu upande usio wake. Siku mbili nimejaribu kukubali zawadi hiyo. Siwezi. Furaha ya Baba ilikuwa ya uongo, nami ndimi niliyempa, na siwezi kumlipisha Mjomba kwa hilo nyumba yake na dada yake.

Leo asubuhi nilimwambia Mama. Alikuwa anakunja nguo za Baba, zile ulizosema utazichukua. Nilimwambia nikiwa nimesimama, bila kulia, kwa sababu niliona nikilia atanihurumia kabla hajasikia. Alisikia yote. Aliniuliza swali moja tu, kama Baba alijua, nikamwambia hapana. Akaliweka chini shati alilokuwa nalo, akavaa kandambili zake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Ninaandika haya nikiwa chumbani kwako, na dirishani naona karakana. Mama yuko ndani tangu asubuhi. Siwasikii wakizungumza. Mjomba ameketi kwenye benchi ameinamisha kichwa, na Mama anatoa vifaa sandukuni, anavirudisha ukutani kimoja kimoja. Hajui mahali pa kila kimoja. Msumeno ameutundika penye nyundo, na Mjomba hamrekebishi.

Kaka, sikuombi msamaha kwa barua. Ninakuomba ukifika umwamkie Mjomba kwanza, kabla hujaweka mzigo chini, umwambie maneno yako yarudi kwako. Halafu uje kwangu, na lolote ulilonalo nitalipokea nikiwa hapa hapa, sitakimbia. Ukiona ni mimi ninayepaswa kuhama, cherehani ni nyepesi, nitaibeba.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu kabla hujawaambia. Salamu za Mjomba hakunipa, kwa kuwa hajui kwamba nakuandikia. Za Mama pia sina, ndiyo mara ya kwanza kukuandikia bila salamu zake. Tangu alipotoka kwa mlango wa nyuma hajanitazama.

Ni mimi mdogo wako, kama bado utaniita hivyo,

Sindano