Kadi Arobaini na Nane za Mama

Nyumbani, mezani pa jikoni
Jumapili alasiri, tarehe 9 Novemba

Mpendwa wifi yangu Kiherehere,

Pokea salamu za nyumba nzima kabla sijaanza maneno mengi. Hujambo? Miguu je, imepungua kuvimba tangu wakutoe kwenye tanuri wakakuweka upande wa kufunga mikate? Na kile kikohozi ulichokuwa ukinikoholea sikioni kila ukipiga simu, kimekuacha au bado mnaishi pamoja kama mke na mume? Nataka majibu ya kweli, si ile "niko poa" yako ambayo haimdanganyi hata kuku.

Sisi hatujambo. Kaka yako amerudi na lori juzi, akalala saa kumi na nne mfululizo, akaamka akiuliza chakula. Amenenepa, ila usimwambie nimesema mimi. Binti yetu yuko bweni, amerefuka hadi sketi ya mwaka jana imekuwa kama ya mwanasesere. Mama nitamfikia. Ndiye hasa aliyenishikisha kalamu leo.

Usishtuke. Hajalazwa, hana homa, anakula na anagomba vizuri tu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ungenikatiza kila sentensi, nakujua, na jambo hili nataka ulipate lote kwa mpangilio wake.

Nianze na la kwangu. Unakumbuka nilikwambia kazini wanataka nifanye mtihani wa cheti, ukacheka eti mtu wa miaka arobaini na tatu anarudi shule? Basi ni hivi. Pale hospitalini picha za eksirei, majibu ya maabara na kumbukumbu zote za wagonjwa zilikuwa zinakaa kwenye mashine zetu wenyewe, katika kile chumba cha baridi ninachoingia na sweta. Sasa nusu zinabaki humo, na nusu zinawekwa kwenye mashine za kampuni iliyo mbali, tunazifikia kwa mtandao. Hizo za mbali ndizo wanazoziita wingu. Utani wa mvua majirani wamekwisha kuumaliza, kwa hiyo wewe usijisumbue. Anayesimamia pande zote mbili lazima ajue kipi kikae karibu na kipi kipelekwe mbali, na upande mmoja ukizimika afanye nini ili daktari asikose picha mgonjwa akiwa ameshalala mbele yake. Mtu huyo ndiye wanayemtaka awe na cheti.

Miaka kumi na miwili mimi ndiye ninayeitwa diski ikifa, na wengine ndio wanaotia sahihi. Nilikitaka hicho cheti, wifi. Nilikitaka mno. Lakini kilikuja na sharti: atakayefaulu anapelekwa kwenye hospitali mpya, mwendo wa siku nzima kwa basi, akaanzishe chumba cha mashine huko na kukiendesha kwa mwaka mmoja na nusu. Kaka yako yuko barabarani wiki tatu za kila mwezi. Nikifaulu, Mama anabaki peke yake. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na Mama alilijua pia.

Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyenisukuma. Nilikata karatasi za kalenda ya mwaka jana nikaandika maswali upande wa nyuma, kadi arobaini na nane, swali juu na jibu chini. Mama akasema, "Zilete hapa. Nitakuuliza mimi." Akataka kwanza nimsomee zote, mara tatu, ayazoee yale maneno. Tena akakataza zisichanganywe, eti opereta hachezei mpangilio. Unamjua mwenyewe. Miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu wa makao makuu ya reli, akiwaunganisha wapiga simu, namba za ofisi zote ziko kichwani, na hadi leo ukimuuliza ya mhasibu mkuu wa zamani anakutajia.

Basi kila jioni, chai ikishanywewa, ananikalisha. Anavaa miwani, anainua kadi mbele ya dirisha, anauliza kwa ile sauti yake ya kazini. "Kadi ya kumi na moja. Faili halijafunguliwa kwa miezi sita. Lihamie wapi?" Nikisitasita ananiambia, "Mstari hauko wazi, rudia." Nikijibu ovyo ananiambia namba ninayoipiga haipo. Nikipatia, "Umeunganishwa," na kadi inalazwa kifudifudi. Kaka yako alisimama mlangoni siku moja akatusikiliza, akacheka hadi chai ikammwagikia. Mimi nilimpenda Mama tangu nilipoolewa humu, lakini miezi hii nilimpenda upya. Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta alikuwa ananisahihisha, na kusema kweli alikuwa sahihi.

Mwisho wa Agosti watahini wakatoa mtaala mpya, na kadi ya kumi na tisa ikawa imepitwa na wakati. Asubuhi kabla ya kwenda kazini nikaichana, nikaandika nyingine yenye swali jipya kabisa, nikaiweka mahali pake. Jioni Mama akavaa miwani, akaiinua kadi ya kumi na tisa mbele ya dirisha, akasoma. Wifi, alisoma lile swali la zamani, neno kwa neno. Swali lililokuwa kwenye pipa la taka tangu asubuhi.

Nililijibu. Sikujua nifanye nini kingine. Akasema nimeunganishwa, akailaza kadi juu ya wenzake taratibu, akachukua inayofuata. Tulipomaliza nikaenda uani kujifanya naanua nguo.

Kuanzia hapo nikawa namwangalia. Akimimina chai, kidole kinakaa ndani ya ukingo wa kikombe. Akipita ukumbini, kiwiko kinagusa ukuta, ili tusione kwamba anapapasa. Gazeti analifungua kila asubuhi na kulipekua kurasa zote, lakini habari anazotusimulia ni zile za redioni. Sikumwambia mtu, hata kaka yako. Nilikata shauri peke yangu kwamba sitafaulu.

Sijivunii hata kidogo. Kazini tulikuwa na jaribio kila Ijumaa, na mimi nilikuwa napata themanini na kitu kwa mia. Nikaanza kuchagua majibu ya makosa, moja hapa, mawili pale. Nikashuka hadi sitini na moja, halafu hamsini na nane, na alama ya kufaulu ni sabini. Bosi akaniita akauliza kama nyumbani kuna shida. Nikamwambia ni uzee, akacheka, nami nikacheka shingo upande.

Ijumaa moja nikarudi nimechoka, Mama akaniambia nimsomee maswali niliyokosa. Nikayasoma kwenye karatasi bila kufikiri.

"Hilo la pili ni kadi ya kumi na moja," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hujaikosa tangu wiki ya kwanza. Na la nne ni kadi ya thelathini, ambayo wewe mwenyewe ulinifafanulia mpaka nikaelewa."

Nikasema ni uchovu, kichwa hakitulii.

"Usinichezee, mwanangu. Nimesikiliza watu wakidanganya kwenye simu miaka ishirini na sita. Unakosa makusudi."

Nikapandwa na hasira, ile ya mtu aliyefumwa. Nikamwambia, "Na wewe je, Mama? Wewe husomi. Umezikariri zote."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani. Kisha akaniuliza ni kadi gani iliyomfichua. Nikamwambia ya kumi na tisa.

"Nilihisi karatasi yake ni ngumu kuliko zingine," akasema. "Nikaomba uwe umeandika lile lile upya." Akaanza kucheka, wifi, mabega yakitikisika, nami nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka.

Ndipo akaniambia. Ni presha ya macho. Ameijua tangu Januari, na kliniki amekwenda mara tatu peke yake, huku sisi akituaga kwamba anakwenda kwenye kikundi cha akina mama. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hilo tundu nalo linazidi kuwa dogo. Daktari wa macho amemweleza wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kila siku inayochelewesha kupotea kwa kilichobaki, ila haijulikani kwa muda gani. Pengine mwaka.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ningesema, ungekaa. Umekaa kwenye chumba cha baridi miaka yote hiyo ukibadilisha diski za watu, halafu uje ukae na mimi?" Akasema nikifeli kwa kushindwa atanipikia na kunibembeleza. Nikifeli kwa ajili yake, hatakula tena kilichopita mkononi mwangu. Tulilia sana, sote wawili. Kisha akapenga kamasi akaniambia nianze kadi ya kwanza.

Mtihani ulikuwa Jumanne iliyopita. Chumba kidogo, kompyuta moja, kamera inakutazama utosini. Walinivua saa, wakanivua na sweta kama vile nimeficha majibu kwenye mikono yake. Kuna maswali niliyoyajibu nikiwa nasikia kabisa sauti ya Mama ikiniambia nirudie. Sikukosa hata moja kwa makusudi. Ukibonyeza mara ya mwisho matokeo yanatokea hapo hapo: themanini na nne. Nilikaa nayatazama mpaka msimamizi akaniomba radhi kwamba kuna mtu mwingine anasubiri kiti.

Nilimkuta Mama amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, amevaa lile gauni la siku aliyostaafu. Nilisema "Mama" tu, akajua. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanipapasa mashavu na paji kama ananisoma, akanibusu. Nikakaa pembeni yake. Akasema, "Naogopa kidogo." Sijawahi kumsikia akisema neno hilo tangu nimfahamu, hata siku tulipomzika baba mkwe.

Nitaondoka tarehe tatu Januari. Nilitaka kuahirisha akanikatalia, akajipangia mambo yake. Kwenye zile kadi kuna kanuni kwamba kitu cha thamani kiwe na nakala tatu, na mojawapo ikae nje ya jengo. Akaigeuza kuwa ratiba ya matone yake. Wa kwanza ni kaka yako, ambaye ameomba safari fupi na amekubaliwa. Wa pili ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, atakayepita asubuhi kabla hajafungua duka. Wa tatu, anasema, yuko nje ya jengo miaka sita sasa, na kazi yake itakuwa kupiga simu kila jioni kuuliza kama dawa imewekwa. Umeshachaguliwa, wifi, hukuulizwa.

Alikuwa amenikataza nisikuandikie habari ya macho. Alisema utaacha kazi, utakuja ukimbizane na madaktari na kumlilia. Leo tumemaliza kula, akaniambia mwenyewe, "Mwandikie Kiherehere. Mwandikie yote." Amekaa mbele yangu sasa hivi anakunja nguo, na kila soksi inapata mwenzake kwa kidole. Samahani kwamba nimekuficha miezi miwili. Nilikosea, nawe una haki ya kunikasirikia, lakini nikasirikie baada ya kumpigia yeye.

Msalimie mumeo, Bwana Kofia, na umwambie kwamba kaka yako bado anangoja ile mechi ya karata waliyoahidiana. Wabusu wale mapacha, mwambie yule aliyezaliwa wa pili kwamba bibi yake ameupokea mchoro wa nyumba yenye milango saba na ameubandika ukutani. Binti yetu anakusalimu, shangazi yake, na fundi cherehani naye anauliza kama gauni lilikukaa vizuri kiunoni. Mungu akuepushie baridi ya huko, akulindie hiyo miguu, na mkate wa watu usikukoseshe wako.

Nimemuuliza Mama kama ana la kuongeza. Amesema usitume chochote, wala usimnunulie miwani, aje tu mtu mwenyewe kabla mwaka haujaisha. Nikamwambia sawa, naandika kwamba uje umwone. Akaweka nguo chini akanikatiza.

"Si aje anione. Mimi nitakuwepo tu, hata mwakani atanikuta. Mwambie aje nimwone yeye."

Nimekuandikia kama alivyosema.

Anayekupenda na kukungoja,
Wifi yako