Nilijifanya Sijui Kusoma, Sasa Wahadhiri Wanakuja Kunitazama

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla hujanisaidia naomba usicheke, au kama huna budi basi cheka kidogo, maana mke wangu ameshacheka sehemu kubwa na iliyobaki nataka niitumie mwenyewe mambo haya yakishapita.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, shule niliishia darasa la nne, na kazi yangu maisha yote ilikuwa kuandika mabango ya maduka kwa mkono, kwa rangi na brashi, mpaka zilipokuja mashine za kuchapa mabango ya plastiki nikaambiwa nipumzike, nami nikapumzika kwa hasira. Watu wananiita Brashi. Kazi yangu ungeijua hata kwa mbali, kwa sababu kila herufi niliipigia kivuli upande wa kulia, ukiitazama unadhani imesimama mbele ya ukuta inakungoja, na chini pembeni niliweka jina langu, dogo kama sisimizi.

Sasa, miezi minane iliyopita tulipata mpangaji wa chumba cha uani, binti mwenye adabu zake, mwalimu, anayesoma shahada ya uzamili ya elimu ya watu wazima, yaani anafundishwa namna ya kutufundisha sisi tuliokwisha kuota mvi. Siku ya kwanza alileta karatasi ya makubaliano ya chumba ili niisome nitie saini, na miwani yangu iko chumbani, na mimi nimeshakaa na goti linauma, nikaona uvivu kuinuka, nikamwambia kwa utani tu, "Nisomee wewe, mjukuu wangu, mimi sijui kusoma, nipe wino niweke dole." Mshauri, mtu mwingine angecheka. Yule binti aliweka mkoba chini, akapiga magoti, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, macho yanamlengalenga machozi, akasema, "Babu, usione haya. Hujachelewa." Nikajiambia nitamweleza baada ya chai. Chai ikaja, tukainywa, vikombe vikaoshwa, nami nikaweka dole.

Kumbe naye alikuwa na shida yake. Huko chuoni kila mmoja anatakiwa kutengeneza kitu kinachoitwa potifolio, jina lake kama dawa ya minyoo, lakini alinieleza nikaelewa, ni kama kabati lako lililowekwa kwenye mtandao, lina droo zake, humo unaweka mipango yako ya masomo, picha, video, na maelezo ya ulipofanikiwa na ulipoharibu, ili wahadhiri wakifungua waone wewe ni mwalimu wa namna gani, na wanaotaka kukuajiri nao wachungulie. Droo zake zote zilijaa isipokuwa moja, droo ya ushahidi namba nne, mwanafunzi mmoja aliyefuatiliwa tangu hajui hata herufi mpaka amesoma. Alikuwa na darasa la wachuuzi wa sokoni, soko likahamishiwa upande wa pili wa mji, darasa likahama nalo. Bila hiyo droo angengoja mwaka mzima, na kile kituo cha kisomo kilichomwahidi kazi kilikuwa kimeshasema hakingoji. Nikamwonea huruma, nikajitolea. Mke wangu akaniita jikoni.

"Wewe mzee, akili unazo kweli?"

"Namsaidia mtoto wa watu."

"Unamsaidia kwa uongo."

"Basi usiniharibie."

"Mimi sisemi uongo. Akiniuliza nitamjibu. Lakini hajaniuliza, na mimi si redio."

Basi tukaanza, mara tatu kwa wiki, saa kumi jioni, simu yake imeegemezwa kwenye kopo la sukari inanirekodi. Nilishika penseli kama mwiko wa kusongea, nikaandika vijiti vilivyolala kama walevi, na kila nilipopatia kimoja binti alipiga makofi, na nakuambia ukweli, mshauri, hakuna aliyenipigia makofi tangu siku ya harusi yangu, na hata siku ile nadhani walimpigia bibi harusi. Aliniuliza kwa nini watu wananiita Brashi. Nikagusa masharubu yangu. Akaridhika.

Wiki ya tatu nikaharibu. Alinipa karatasi kubwa ya ukutani na kalamu nene niandike herufi M, na mkono ulikuwa umechoka kujizuia, nikajisahau, nikapima mistari kwa kidole gumba, nikaisimamisha M ile kama mlango wa benki, nikaipigia kivuli upande wa kulia. Nilipozinduka binti ameziba mdomo kwa kiganja. Akaiweka video ile ukurasa wa mbele kabisa wa potifolio. Msimamizi wake akaandika chini yake, "Mwanafunzi huyu alijifunza wapi kupiga kivuli?" Naye akajibu, "Ni kipaji." Alikuja kunisomea majibizano hayo kwa fahari, nikakohoa mpaka nikaletewa maji.

Kuna jambo jingine dogo, silioni kama lina maana lakini nalitaja. Mwezi wa nne wa masomo yetu alinipa kijitabu cha kurasa ishirini na mbili, hadithi ya mama mmoja na cherehani yake, nami nikajiandaa kuigiza kusuasua kama kawaida, lakini nilipofika mstari wa tatu nikakuta siigizi. Mimi miaka arobaini nimesoma "Kinyozi Maalumu" na "Viatu vya Ngozi Hapa", maneno mawili, manne, basi, sijawahi kushika ukurasa nikaumaliza, maneno yakiwa mengi yananitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Niliona haya, nikafanya mzaha zaidi. Lakini nilikipeleka taratibu kile kijitabu, na siku nilipofika ukurasa wa mwisho nililia, na machozi yale si ya kuigiza, nayo pia yamo kwenye video. Hayo tuyaache.

Shida yenyewe ni hii. Alhamisi ijayo wahadhiri wawili wanakuja nyumbani kwangu kuona somo la mwisho kwa macho yao. Kutoka barabara kubwa mpaka getini kwangu watapita chini ya mabango kumi na moja, yote ya mkono wangu, yote na vivuli, yote yameandikwa Brashi pembeni. Binti hupita hapo kila siku macho yakiwa kwenye simu, lakini wahadhiri watatazama juu, ndiyo kazi yao. Kinyozi wa kona ameniambia, "Brashi, Alhamisi nafunga duka, nakuja kukaa dirishani kwako." Jumapili nilichukua ngazi na rangi nyeupe niende kufuta majina, goti na yote, nikaanza na bango la fundi cherehani, akatoka akaniuliza, "Mzee, unafuta au unasaini upya?" Nikashuka.

Mke wangu anasema nimwambie binti ukweli. Lakini nikimwambia atakosa shahada kwa ajili yangu, na nisipomwambia ataipata kwa uongo wangu, na huyu ni mtoto ambaye akiazima kijiko cha chumvi hurudisha kimejaa kuliko alivyopewa. Nimefikiria kuugua tumbo kuanzia Jumatano. Nimefikiria pia kusafiri, ila sina pa kwenda. Naomba uniambie ni ugonjwa gani unaomfaa mtu wa rika langu usiohitaji daktari.

Ni mimi,
Ushahidi Namba Nne


MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Ushahidi Namba Nne. Heshima yako nimeshakupa, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Ugonjwa hakuna. Ukiugua Jumatano, binti huyo ninavyomwona kwenye barua yako atakukalia kitandani na uji, atawaambia wahadhiri babu yake amezidiwa, na wewe utakuwa umemwongezea uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Na ile ngazi irudishe ilikotoka. Mtu wa goti bovu anapanda kufuta jina lake mwenyewe, jina alilolifanyia kazi miaka arobaini, kisha ananiuliza augue nini.

Ulianza kwa utani, sikulaumu, mdomo una utelezi. Lakini utani unaisha siku ileile. Wako umekaa miezi minane, umepigiwa makofi, umerekodiwa video, umewekwa ukurasa wa mbele. Hukukaa kimya kwa huruma peke yake, mzee. Ulikaa kimya kwa sababu ulipenda kupigiwa makofi. Nakuelewa, hata mimi ningeyapenda. Ila makofi yale alikuwa anampigia mtu mwingine, yule asiyejua herufi.

Na binti naye ana lake, mwambie nimesema. Mwalimu wa watu wazima huanza kwa kumuuliza mwanafunzi wake, "Umefanya kazi gani maishani?" Yeye alikuona mvi na kidole kwenye wino, akaanza kukufundisha kushika penseli. Angeuliza swali hilo moja, au angemuuliza mkeo, au angetazama juu njiani mara moja tu kati ya siku mia mbili, tusingefika hapa. Hilo nalo ni somo, tena ni la kuingia kwenye kabati lake. Wewe mwenyewe umeniambia kuna droo ya pale alipoharibu.

Sasa nikurudishe kwenye jambo uliloliita dogo. Umelificha katikati ya barua kama mtu anayeficha sindano kwenye mkate, lakini mimi nimeng'ata. Ulimdanganya kwamba hujui herufi. Hukumdanganya kwamba hujui kusoma ukurasa, kwa sababu hilo hata wewe hukulijua mpaka alipokupa kile kijitabu. Miezi mitatu ya kwanza ni maigizo. Inayofuata ni somo halisi, mwalimu halisi, machozi halisi. Anachohitaji binti hakikupotea. Kimeandikiwa kichwa cha habari kisicho chake, na wewe, kati ya watu wote, unajua kubadilisha bango.

Kwa hiyo mwambie leo. Si kesho, na si baada ya chai. Mkeo awepo, maana ndiye pekee nyumbani humo asiye na la kuficha. Usianze na mzaha, na usimweleze jinsi ulivyomwonea huruma. Mwambie ulichojua, usichojua, na siku ulipoacha kuigiza. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki, na usimbembeleze kwa vichekesho. Kumpigia msimamizi wake si kazi yako. Potifolio ni yake na jina lililo juu yake ni lake. Yeye ndiye atakayeamua kuandika upya, kuomba muda, au kukubali kungoja mwaka. Sikuahidi kwamba ataipata shahada yake. Nakuahidi kwamba akiipata hatakuwa na bango la kufuta.

Na akikubali ziara ya Alhamisi ifanyike, nenda ukawapokee wahadhiri barabara kubwa wewe mwenyewe. Watembeze taratibu, waonyeshe yote kumi na moja, waambie, "Hapa ndipo nilipofika kabla hajaja." Kisha wakae sebuleni uwasomee ukurasa ambao hujawahi kuuona, kwa kusuasua kwako kwa kweli. Kinyozi mpe kiti cha ndani, asivunje dirisha.

La mwisho. Barua yako yenyewe nimeirudisha kwako pamoja na jibu hili kabla halijachapwa gazetini, angalia ndani ya bahasha. Ni kurasa sita, kwa mkono wako, na jina langu hapo juu umelipigia kivuli, hukuweza kujizuia. Mtu aliyeziandika ni yule aliyekuwa akipotea kwenye mstari wa tatu. Mpe binti azisome kabla kinyozi hajalifungua gazeti. Usimsomee. Mpe, ukae kwenye kiti chako, na safari hii inuka ukachukue miwani, umwone vizuri uso wake anaposoma.