Upande wa Kushoto wa Picha

Same Mjini,
17 Oktoba, 2011

Mdogo wangu mpendwa Anderson,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia kwa sababu nakujua. Hata ungekuwa umeninunia, shikamoo yako isingekosekana. Habari za Uyole? Wifi yangu Eva anaendeleaje na mgongo wake? Watoto shule wanakwenda, au wanakusumbua kama tulivyomsumbua Mama? Na wewe mwenyewe, safari za Tunduma zinakuchosha au mwili umeshazizoea? Mimi nipo. Nakula, natembea, ingawa usingizi wangu siku hizi ni wa kuokoteza. Juzi juzi nilipanda Bombo kumwona Mama. Goti linamsumbua akiteremka shambani, lakini ulimi uko pale pale: alinipikia makande, akanikemea kwamba nimekonda, kisha akanituma nikuulize ni lini utamletea wajukuu wake. Huku chini kwetu ni jua, vumbi na mgao wa umeme.

Utashangaa dada yako kuandika barua wakati simu tunazo. Nimejaribu simu, Anderson. Kila nikisikia sauti yako naishia kukuuliza mvua na bei ya dizeli, kisha nakata. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na ninakuomba uisome ukiwa umekaa chini, gari limezimwa.

Unaijua studio ya Hamdani, karibu na stendi, ninapohariri video za harusi, sendofu na misiba. Tuko wahariri watatu. Mkubwa wetu ni mzee Melkizedeki, ambaye shirika lake la umma lilipouzwa alipunguzwa kazi, akanunua deki mbili za kanda na kuanza kukata na kuunganisha harusi za watu kabla hata hatujajua kompyuta. Wa pili ni Yahaya, mzaliwa wa kambi ya mkonge, mwepesi wa mikono na mwepesi wa maneno. Wa tatu ni mimi.

Mwezi wa saba Hamdani alirudi kutoka Dar na programu mpya ya kuhariri. Si mpya ya jina. Ni ile ile tuliyoizoea miaka yote, ila wenyewe walioitengeneza wameibomoa hadi msingi na kuijenga upya. Alituambia kwamba kila kona sasa kuna studio, kila kijana ana kamera, wateja wanataka kazi yao haraka, na soko huria halimsubiri mtu. Asiyejifunza, alisema, atabaki kupiga picha za pasipoti.

Ungekuwepo ungecheka jinsi tulivyogawanyika. Yahaya aliipenda siku ile ile. Alisema ya zamani ilikuwa inamlazimisha afikiri kama kompyuta, hii inamfuata anavyofikiri yeye. Ukitoa kipande katikati vingine vinasogea vyenyewe kuziba pengo, huna haja ya kusubiri kompyuta iziandae picha kwanza, na umeme ukikatika kazi yako unaikuta salama. Mzee Melkizedeki alikunja uso kama aliyelambishwa shubiri. Alisema hicho ni kitu cha watoto kuchezea harusi za mashangazi zao, si chombo cha fundi. Vipande vinavyojisogeza vyenyewe ni kama mbuzi wasio na mchungaji, na kibaya kuliko vyote, programu mpya haifungui kazi tulizofanya kwenye ya zamani. Aliuliza misiba yote ya wilaya hii iliyomo kwenye zile diski itafunguliwa na nani. Tukapigiana simu na wenzetu wa Moshi na Tanga, nako ni yale yale: huyu anaapa hataigusa, yule anasema hawezi kurudi nyuma.

Mimi niliogopa tu. Sikuwa kama wao, wao walikuwa na hoja. Programu ya zamani niliijua kama wewe unavyojua gia za lori lako. Mkono ulikwenda wenyewe, sikuwa na haja ya kuangalia. Hii mpya imehamisha kila kitu. Madirisha yanajificha pembeni mwa skrini, ukisogeza mausi ndiyo yanachomoza. Nilikaa asubuhi nzima natafuta vipande nilivyoingiza mwenyewe. Yahaya alisimama nyuma yangu akasema, “Dada Ernesta, si hivyo hapo kushoto?” Nikatazama kushoto. Nikaona kijivu kitupu. Akanyoosha kidole, nikageuza kichwa chote, na kweli vilikuwepo.

Nikamwambia miwani yangu imechafuka. Nikaanza kumuunga mkono mzee Melkizedeki kwa sauti kubwa kuliko yake mwenyewe. Kila alichosema kuhusu ubovu wa programu ile mimi niliongezea chumvi, nikiomba Mungu Hamdani airudishe ilikotoka. Na wakati huo bega langu la kushoto lilikuwa limeota weusi kwa kugonga fremu ya mlango wa studio, ule ule ninaoingia kila siku. Mara mbili pale barabarani pikipiki zilinikosa kidogo, na vijana wakanitukana kwamba natembea kama niko peke yangu duniani.

Hamdani alichoka na kelele zetu. Akaamua kila mmoja ahariri kazi moja kwa programu mpya, wateja waitazame, ndipo yeye atoe uamuzi. Mimi nikapewa sendofu ya binti mmoja wa Maore anayeitwa Dorkas, alipoagwa na ukoo wake kabla ya harusi. Niliifanya kwa machozi, Anderson, sikudanganyi. Lakini niliimaliza, na nilipoitazama niliiona nzuri. Hata Melkizedeki, aliyeisikiliza tu kutoka mezani kwake, alikiri muziki umekaa sawa.

Tukaipeleka Maore, mimi na Yahaya. Familia ilikuwa imekusanyika barazani, mama yake Dorkas, wajomba, majirani, na bibi yake Dorkas kwenye kiti chenye mto. Televisheni iliwekwa juu ya meza, nami wakaniketisha mbele kabisa, karibu nayo, kwa heshima ya fundi. Tukafika mahali Dorkas anapowalisha wajomba keki. Mimi nilikuwa nautazama uso wake, jinsi anavyotabasamu, nikifurahi nilivyoulinganisha na wimbo. Ghafla watoto wakaangua kicheko. Mtu mzima mmoja naye akacheka, kisha akajizuia. Halafu nikasikia kiti nyuma yangu kikisukumwa. Bibi alikuwa ameinuka, anaingia ndani, mkono mmoja ukiwa ukutani.

Mama yake Dorkas aliizima televisheni. Akaniuliza, kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi, “Mwanangu, mama yangu amekukosea nini?”

Sikujua anazungumzia nini. Nilimgeukia Yahaya nikamnong'oneza, “Kimetokea nini?”

“Unaniuliza mimi?” alisema.

“Nakuuliza. Kimetokea nini?”

Alinikazia macho. Akaniambia kwamba wakati Dorkas anawalisha wajomba keki, upande wa kushoto wa picha bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki, kiti kikavunjika, akaanguka chali, kitenge kikapanda hadi mapajani, na watu wakawa wanamwinua huku wanacheka. Yote hayo yamo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbele ya wakwe waliokuja kwenye sherehe. Nilikuwa nimekaa karibu na picha ile kiasi cha kuigusa, na sikuona bibi, wala kiti, wala watu. Niliona keki.

Tulipokuwa tunarudi Same nilishika vyuma vya kiti cha gari kama mtoto, nikitazama safu za mkonge zikipita upande wa kulia, na sikuthubutu kugeuza kichwa upande mwingine kuona nisichokiona.

Siku iliyofuata studio iliwaka kwa ugomvi. Mzee Melkizedeki alipiga meza akasema aliyasema haya, programu inayojisogezea vipande imerudisha kipande ambacho Ernesta alikitoa; fundi wa miaka yote hii hawezi kuacha aibu kama ile. Yahaya alimkatiza. Alisema programu haina mikono, na kwamba dada Ernesta ameiacha aibu ile makusudi ili mashine ionekane mbovu na yeye asijifunze. Alisema amemuuza mwanamke mzee ili ashinde ubishi. Hamdani alikaa katikati yao akishika kichwa, na akasema kama ni hivyo basi programu ile itaondoka, na mmoja wetu ataondoka nayo. Wote watatu wakanigeukia. Niliomba ruhusa, nikapanda basi la Moshi.

Hospitali walinipima macho kutwa nzima. Waliniweka mbele ya chombo kama bakuli jeupe, wakaniambia nibonye kitufe kila ninapoona nukta ya mwanga. Nilikaa pale nikisubiri nukta, nazo haziji, nikadhani chombo kimeharibika. Baadaye daktari, mama mmoja mpole, akanionyesha karatasi yenye macho yangu mawili. Palipo peusi ndipo nisipoona. Anderson, palikuwa peusi karibu kote. Katikati kumebaki kijidirisha.

Nilimuuliza mbona sioni giza lolote. Akanijibu, “Jicho lako halikuonyeshi giza. Linaruka tu pale lisipoona, na ubongo unaziba pengo kwa kubahatisha. Ndiyo maana watu wengi wanakuja wakiwa wamechelewa.” Ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki anaweza kukilinda kwa dawa ya matone, kila siku ya maisha yangu, bila kuruka.

Kisha akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu aliyepofuka. Nikamwambia Baba. Unakumbuka, ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka jinsi alivyoanza kwa kukosa ngazi, kisha akawa anatujua kwa nyayo zetu, na watu wa Bombo wakasema amerogwa na jirani kwa ajili ya ule mpaka wa shamba la tangawizi. Mama hadi leo hapiti kwa jirani yule. Daktari alitikisa kichwa. Alisema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na akaniuliza nina ndugu wangapi wa baba mmoja. Nikasema mmoja, wa kiume.

“Anafanya kazi gani?”

Nikamwambia ni dereva wa lori.

Daktari aliweka kalamu mezani.

Niliporudi Same niliwaambia wote watatu, palepale studio. Sikutaka wagombane tena juu ya macho yangu wakidhani wanagombana juu ya programu. Mzee Melkizedeki alivua kofia, akatoka nje, akasimama kwenye jua muda mrefu. Yahaya aliniomba radhi, lakini tangu hapo anaongea nami kwa sauti ya hospitalini, nami ninamkumbuka yule aliyekuwa ananitania. Hamdani hajanifukuza wala hajaniahidi. Amesema nishike sauti na muziki kwanza, picha ziangaliwe na mwingine, halafu tutaona. Programu mpya imebaki. Yahaya anaisifu, Melkizedeki bado anaitukana kila asubuhi anapoiwasha. Maore nilirudi peke yangu, nikapiga magoti mbele ya bibi, nikamweleza. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akauliza kama yeye ninamwona. Nikasema namwona. Akasema basi yameisha.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa sababu ya kazi. Hofu ya kazi nimeimeza. Hofu yangu ni wewe.

Mwezi wa tano ulinipigia ukiwa Chimala, unacheka, ukaniambia umemgusa mwendesha baiskeli kwa kioo cha pembeni, amechubuka tu, umempa pole. Ulisema, “Dada, yule mtu alitoka ardhini. Hakuwepo, halafu akawepo.” Tukacheka wote. Tangu nitoke Moshi nimelisikia neno lile kila nikifumba macho. Hakuwepo, halafu akawepo. Hivyo ndivyo ninavyowaona mimi watu wote wanaonijia kutoka kushoto.

Labda ni kijana tu aliyekatiza barabara vibaya. Naomba Mungu iwe hivyo. Lakini usiendeshe tena mpaka umepimwa, Anderson. Najua utasema unasoma kibao cha barabarani kutoka mbali. Hata mimi nasoma herufi zote za ukutani, hadi zile ndogo za chini. Siyo hapo panapoharibika. Mwambie tajiri wako dada yako ni mgonjwa na unahitaji ruhusa. Hutakuwa umesema uongo. Nenda hospitali kubwa ya Mbeya, sema baba yako alipofuka na dada yako ana presha ya macho, watakuelewa. Nawe waambie wakupime kwa lile bakuli. Ukiogopa, fahamu kwamba nami niliogopa, na nitaogopa pamoja nawe.

Mama sijamwambia. Jumapili baada ya ibada nitapanda nikamwambie, tena nimwambie na kuhusu Baba, huenda akaweza kumsalimia jirani kabla hawajafa wote wawili.

Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu, na Eva mwambie shangazi wa watoto wake anamshukuru kwa kukutunza. Mzee Melkizedeki anakusalimu. Bwana akulinde wewe na kila anayetembea kando ya barabara yako.

Ukishapimwa nipigie, jibu liwe zuri au baya. Ukinipigia kabla hujapimwa, sitapokea.

Dada yako akupendaye,
Ernesta