Digrii Mia Tisa na Hamsini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jogoo wa Tanuri, ndivyo ninavyojulikana
Umri: Miaka 58
Kazi: Mchomaji, karakana ya kauri
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana hiyo
Elimu: Darasa la sita, mengine nimejifunza kwa macho

Nimechoma kauri miaka thelathini na moja, katika nchi nne, na hakuna tanuri lililowahi kunishinda. Nimekuja kwa hiari yangu kuhusu binti mtafiti mliyemweka mahabusu tangu jana. Mwenye karakana anadai alitia baruti tanurini.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa 3:10 asubuhi, binti huyo alileta vigae ishirini, vidogo kama vifungo vya shati. Ukivibonyeza vinatoa umeme. Vya kawaida hutiwa risasi, yaani ile ya kwenye betri, afande, si ya bunduki, nayo ni sumu. Vyake havina. Shida ni kwamba vinataka digrii elfu moja na mia moja, na moto huo hupeperusha sehemu ya unga unaoviunda. Ndiyo maana alichanganya unga mweusi wa shaba, kidogo tu, ili vishikane kwa moto mdogo. Baruti yenyewe ndiyo hiyo.

Akaniambia, "Mjomba, mia tisa na hamsini. Usizidishe hata moja."

Nikamjibu, "Mwanangu, kwa moto huo hata chai yangu haichemki."

"Chai yako haina shaba," akasema, akaenda chuoni.

Saa 7:25 mchana nilichungulia tunduni. Moto ulikuwa wa rangi ya chungwa, na mimi nimezoea wa njano. Nikamwonea huruma, nikijua ataaibika kwa wakubwa wake akipeleka vigae vibichi. Sikumpigia simu. Nikapandisha mpaka elfu moja na mia moja.

Saa 8:40 vigae viliyeyuka kama nta, vikachuruzika juu ya nyaya za tanuri. Zikaruka cheche, nusu ya paa ikaungua. Hakuna aliyeumia.

Binti alitukuta tukimwaga mchanga. Akatazama kipimo cha joto, kisha akanitazama mimi. Polisi walipouliza vigae ni vya nani, akasema, "Vyangu." Habari ya kipimo hakuigusa. Na mimi, mwenye mdomo usiojua kufunga, nikanyamaza.

Mchanganyiko wake hauna kosa. Mkono uliozidisha moto ni huu ninaosainia.

Nimesomewa niliyoyasema, na yote ni yangu.

Sahihi: J. wa Tanuri

Maelezo ya ofisa: Nilimwonya shahidi katikati kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Alinitaka niendelee kuandika. Mtafiti ameachiwa saa 4:55 asubuhi. Shahidi amebaki.