Tuta Moja la Shangazi Emerensiana

Sumbawanga Mjini,
18 Aprili 1955

Kwa Shangazi yangu mpenzi Emerensiana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia. Mimi ni mzima kiasi, na kazi ya ukarani inaendelea. Huku baridi imewahi kuanza. Asubuhi vidole vinakataa kushika kalamu.

Shangazi, nakufikiria tangu likizo yangu ya mwezi wa pili hapo kijijini Kate. Unakumbuka nilivyokuwa. Nilishinda kitandani, chakula nakiona kama udongo, hata salamu za wazee zinanishinda kuitikia. Baba alisema elimu imenipanda kichwani. Kaka Kornel akawa anauliza watu kama Mzungu wetu ameamka au tumpelekee chai kitandani, nao wanacheka. Mwisho wakanitengea chakula peke yangu. Mimi ninayeandika shajara kila siku, siku zile niliandika tarehe tu.

Ndipo ukaja wewe, ambaye tangu utoto wangu nilisikia ukiitwa mvivu na mwenye mikosi. Hukuniuliza naumwa wapi. Ulinipa jembe, ukasema kuna nyasi zinangoja kufukiwa matutani, twende. Kule shambani ukaniambia kwamba wewe pia una siku ambazo mwili unakataa dunia, zimekuandama tangu usichana, na siku hizo unalima tuta moja tu. Likishasimama vizuri unarudi kulala bila kuona haya. Nikatazama matuta yako ya mviringo yalivyojaa mpaka bondeni. Kumbe mengi kati ya yale uliyainua katika siku kama zangu! Sijaona mtu hodari kama wewe, hata kati ya mabwana wa Boma. Jioni yake nikaandika: nimelima tuta moja.

Sasa nikwambie nililolificha. Asubuhi ile ulipokuja na jembe, hukunikuta usingizini. Nilikuwa nimeshavaa, nimeazimia kushuka Kabwe, ufukweni mwa Tanganyika, niingie ziwani, nisirudi. Ulipopiga hodi nilidhani ni Kornel. Ungechelewa kidogo, ungekuta kitanda kitupu.

Baba ameniandikia juu ya harusi ya dada Silvana, Jumamosi hii. Anataka nije, ila wewe ubaki kwako, usije ukatia mikosi. Nimemjibu kwa heshima kwamba ugonjwa wako ndio wangu, sote wawili ni damu yake, na nitaingia uani nimekushika mkono, au sitaingia. Bado hajajibu. Najua utaogopa, hata mimi naogopa.

Nitafika Ijumaa kwa lori la Bwana Lukmani. Kukicha Jumamosi, ikiwa siku itakuwa nzito kwako au kwangu, tutalima tuta moja kwanza, kisha tunawe mikono, twende harusini.

Nisalimie jirani yako Adela, na yule mbuzi wako mkorofi.

Ni mimi mwanao,
Clemens